Oliver Twist, Mary Barton au Mayhew: uanze na kipi ukitaka kuuelewa umaskini wa enzi ya Malkia Victoria?

Ukiuliza usome nini ili uuelewe umaskini wa Uingereza ya karne ya 19, utaambiwa upesi: soma Dickens. Jibu hilo si baya, ila halitoshi, na kwa msomaji wa huku kwetu mara nyingi si mahali pazuri pa kuanzia. Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na umaskini ulioandikwa katika miaka hiyo haukuwa wa namna moja. Kuna wa mtoto aliyezaliwa mikononi mwa parokia. Kuna wa fundi mwenye ujuzi wake ambaye kiwanda kimefungwa na hana pa kwenda. Kuna wa mchuuzi anayeishi kwa senti alizopata leo. Hakuna kitabu kimoja kilichoushika wote. Nimeviweka vitatu ubavu kwa ubavu, riwaya ya Oliver Twist ya Charles Dickens, riwaya ya Mary Barton ya Elizabeth Gaskell na mahojiano ya Henry Mayhew, na cha nne nitakigusa, ili uchague kwa kuangalia unatafuta nini.

Bei isikusumbue. Hakimiliki za vitabu hivi zilikwisha zamani na vyote vinapatikana bure mtandaoni. Kinachotofautiana ni muda utakaohitaji, ugumu wa lugha, na jambo ambalo kila mwandishi alikuwa na uwezo wa kuliona.

Oliver Twist na sheria ya 1834

Dickens alianza kukitoa kwa mfululizo katika jarida moja la London Februari 1837, Victoria akiwa bado hajarithi ufalme, akakimaliza Aprili 1839. Anayekisoma bila kujua kilichotokea bungeni miaka mitatu kabla atabaki na hadithi ya mtoto wa kuonewa huruma tu.

Kabla ya 1834 kila parokia ilikuwa na wajibu wa kuwasaidia maskini wake, na wengi walipewa mkate au fedha kidogo wakiwa nyumbani kwao. Wenye kulipa kodi walilalamika kwamba gharama inapanda na kwamba msaada unazaa uvivu. Bunge likapitisha sheria mpya: parokia ziungane, kila muungano uwe na nyumba ya maskini, na mtu mwenye nguvu zake asipewe kitu mpaka akubali kuingia humo. Maisha ya ndani yalitakiwa yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili asiingie mtu ila yule aliyekwama kabisa. Ukipita mlangoni unavuliwa nguo zako na kuvishwa sare. Mume anapelekwa upande wake, mke upande wake, watoto upande wao. Maskini wenyewe waliziita nyumba hizo Bastille, kwa jina la gereza la Paris.

Sasa rudi kwenye sura ya kwanza ya kitabu. Mama yake Oliver ameokotwa barabarani, viatu vimeliwa na mwendo. Anajifungua, anambusu mtoto, anakata roho. Daktari anauinua mkono wa kushoto wa maiti, anaona hauna pete ya ndoa, anasema ni habari zile zile za siku zote, kisha anakwenda zake kula. Ni mistari michache tu. Lakini kifungu kimojawapo cha sheria ya 1834 kilimtwisha mama karibu mzigo wote wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, baba akaachwa aende zake, na ilichukua miaka 10 kabla bunge halijakilegeza. Wasomaji wa 1837 waliujua mkono ule unasema nini.

Kisha uji. Kitabu kinasema watoto walipewa uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki na nusu ya mkate mdogo siku ya Jumapili. Ratiba rasmi za chakula zilikuwa na zaidi ya hapo: mkate, jibini, nyama siku fulani fulani. Anayesema Dickens alitia chumvi ana hoja. Hata hivyo, kilichoandikwa kwenye ratiba na kilichofika kwenye bakuli havikuwa lazima kitu kimoja. Mwaka 1845, katika nyumba ya maskini ya Andover kusini mwa Uingereza, iligundulika kuwa wanaume waliowekwa kuponda mifupa ya wanyama kwa ajili ya mbolea walikuwa wakigombania uboho na mabaki ya nyama yaliyoshikamana na mifupa ile, iliyokwisha kuoza. Bunge lilichunguza, na 1847 tume iliyosimamia nyumba hizo ikavunjwa na chombo kingine kikaundwa. Andover ilijulikana miaka sita baada ya kitabu kumalizika.

Kwa hiyo kama unataka kuielewa sheria, maofisa wake na unafiki wa watu wanaohesabu vijiko vya uji wa watoto huku wao wameshiba, hiki ndicho. Udhaifu wake mkubwa ni Oliver mwenyewe. Amelelewa na parokia tangu siku aliyozaliwa, lakini anazungumza Kiingereza safi cha watu wa tabaka la juu na uovu haumgusi kabisa. Mwishoni tunaambiwa alikuwa wa ukoo mzuri tangu mwanzo, na urithi ulikuwa ukimsubiri. Dick, rafiki yake mdogo aliyebaki kwa walezi wa parokia, anakufa, na hadithi inampita.

Maisha ya Dickens yanalieleza hilo. Februari 1824 baba yake alifungwa gereza la wadaiwa la Marshalsea. Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akibandika lebo kwenye vyungu vya dawa ya viatu karibu na mto Thames kwa shilingi 6 kwa wiki. Aliificha aibu hiyo karibu maisha yake yote. Umma uliijua baada ya kifo chake, rafiki yake John Forster alipoandika wasifu wake. Hofu iliyomo ndani ya Oliver Twist ni ya mtoto wa nyumba njema aliyeanguka, akisubiri atambuliwe na kurudishwa kwao. Ni hofu ya kweli na ina nguvu. Wengi waliokuwa chini hawakuwa na wa kuwatambua.

Mary Barton na vitu vya ndani ya nyumba

Elizabeth Gaskell alikuwa mke wa mchungaji mjini Manchester. Mwaka 1845 mwanawe wa kiume, mtoto mchanga bado, alikufa kwa homa ya vipele vyekundu, na mumewe akamshauri aandike ili apunguze huzuni. Kitabu kilitoka 1848 bila jina la mwandishi. Kwa maoni yangu, kati ya riwaya zote za wakati ule, hii ndiyo iliyoingia ndani ya nyumba ya mfanyakazi na kukaa.

Manchester ya miaka ile ilikuwa mji wa viwanda vya pamba, uliokua kwa kasi kuliko maji yake safi na mifereji yake. Ripoti ya Edwin Chadwick ya 1842 kuhusu afya ya vibarua ilionyesha kuwa wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17, na katika familia za wenye taaluma na mabwana wa mji ule ule, 38. Namba ile ya 17 imeshushwa mno na vifo vya watoto wachanga, na hapo ndipo Gaskell anapoanzia.

Sura ya pili ni karamu ya chai. John Barton ni mfumaji, kazi ipo, mshahara unaingia. Gaskell anatuonyesha chumba kitu kimoja kimoja: mapazia ya miraba ya buluu na nyeupe, maua dirishani, kabati la vyombo, na sinia la kijani linalong'aa lenye picha ya wapenzi wawili wamekumbatiana katikati. Binti yake, Mary, anatumwa dukani kununua mayai, nyama ya nguruwe, maziwa na mkate. Msomaji mwenye haraka ataruka kurasa hizi. Usiziruke. Biashara ikidorora, vitu vile vile vitaanza kutoka nyumbani kimoja kimoja kwenda duka la rehani, na sinia lile litageuka mkate wa baba. Kwa kuwa ulikwisha kuviona, utajua kila kimoja kilikuwa na thamani gani kwa wenyewe.

Kuna mahali pawili ambapo ningependa usome polepole. Pa kwanza ni sura ya tatu, inayosimulia kifo cha mtoto wa Barton. Kiwanda alichofanyia kazi kimefilisika na daktari amesema mtoto anahitaji chakula kizuri. Barton amesimama nje ya duka lililojaa jibini na nyama, na anayetoka mlangoni ni mke wa yule yule tajiri wa kiwanda, muuzaji akimfuata kwa mizigo ya karamu. Barton anarudi nyumbani, anamkuta mtoto amekufa. Mwandishi aliyekuwa amemzika wa kwake kwa ugonjwa ule ule hakuhitaji kupaza sauti.

Pa pili ni sura ya sita. Davenport anaumwa homa kali katika chumba cha chini ya ardhi ambamo maji machafu ya mtaani yanapenya sakafuni, na watoto wanagaagaa juu ya matofali yaliyolowa. Barton anakimbilia nyumbani, anachukua koti lake zuri na leso yake ya hariri nyekundu na njano, mali yake yote ya thamani, anaviweka rehani kwa shilingi 5 na kununua nyama, mkate na makaa. Wakati huo huo mwenzake Wilson amekwenda kwa bwana Carson, mwenye kiwanda, kuomba cheti cha hospitali. Familia ya Carson imo katika kifungua kinywa. Bwana anatoa cheti cha mgonjwa wa nje, cha Jumatatu, naye Davenport anakufa kabla ya siku hiyo. Anayesaidia kwa wingi katika sura hii ni jirani asiye na kitu. Mtu yeyote aliyekulia mtaa ambao mchango wa matibabu au msiba hupitishwa mlango kwa mlango ataielewa bila maelezo.

Gaskell alifanya pia jambo ambalo Dickens hakulifanya: alimwacha maskini afikiri. Barton anauliza kwa nini wanaofuma wanalala njaa na wenye viwanda wananenepa hata biashara ikianguka. Mwaka 1839 anakwenda London na wajumbe wa Wachartisti, vuguvugu la kweli la wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura. Ombi lao halisi la mwaka huo lilibeba saini zaidi ya 1,200,000, na bunge lilikataa kulijadili. Barton anarudi amekatwa maini, anaingia kwenye afyuni, na hatimaye kwenye mauaji.

Wenye viwanda wa Manchester walilalamika kwamba kitabu kinawaonea. Mimi naona kasoro iko kwingine: mwandishi aliogopa swali alilolizusha. Nusu ya pili inageuka kesi ya mauaji na mbio za kumtafuta shahidi bandarini Liverpool, na mwishoni Barton na bwana Carson wanasameheana, kisha vijana wanahamia Kanada. Vyama vya wafanyakazi vinaonyeshwa kama kitu cha kuogofya. Na lugha ina ugumu: wahusika wanaongea lahaja ya Lancashire, hivyo sura mbili za kwanza zitakuchosha kabla sikio halijazoea. Vumilia.

Mayhew na watu wenyewe

Henry Mayhew hakuandika riwaya. Alikuwa mwandishi wa habari, mmoja wa waanzilishi wa jarida la Punch, na kuanzia 1849 alizunguka London akiwahoji maskini kwa ajili ya gazeti la Morning Chronicle. Baadaye aliendelea peke yake, na kazi ikakusanywa katika London Labour and the London Poor, iliyofikia juzuu nne mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Humu utakutana na kazi ambazo hakuna riwaya iliyozikumbuka: watu wanaookota kinyesi cha mbwa na kuwauzia watengeneza ngozi wa Bermondsey, watoto wanaochakura tope la Thames maji yakikupwa, wanaume wanaoingia kwenye mifereji ya maji machafu kutafuta shaba na sarafu. Mayhew anauliza bei, anauliza saa za kazi, anauliza jana ulikula nini.

Maarufu kuliko wote ni msichana wa miaka minane anayeuza majani ya saladi yanayoota majini. Anaamka gizani kwenda sokoni Farringdon, anaosha majani yake kwenye maji ya baridi kali mpaka mikono inauma. Mayhew alidhani atamchangamsha kwa habari za wanasesere na bustani za mji. Mtoto akauliza kama watu wa aina yake wanaruhusiwa kuingia bustanini. Alieleza jinsi wauzaji wakubwa wanavyojaribu kumpunja na jinsi asivyokubali. Alisema hajapata kuwaona watoto wakilia kwa ajili ya baridi, maana kulia hakusaidii. Kuhusu umri wake alisema yeye si mtoto tena. Mweke binti huyu karibu na Oliver, uone ni yupi unayemwamini.

Ubaya wa Mayhew ni kwamba hana kisa cha kukuvuta. Kurasa ni nyingi, takwimu zimejaa, na ana tabia ya kuwapanga watu wa mitaani kama kabila la pekee lenye hulka yake, jambo lililowapendeza sana wasomaji wa tabaka la kati na linalopaswa kusomwa kwa tahadhari. Tena maneno ya wahojiwa yamepita mikononi mwake kabla ya kutufikia. Huna haja ya kukisoma chote. Juzuu ya kwanza inatosha kwa wengi.

Mtaa mmoja, mashahidi wawili

Ukitaka kuona jinsi hadithi na habari zilivyotegemeana, angalia Jacob's Island, mtaa wa mabanda uliozungukwa na mitaro kando ya Thames huko Bermondsey. Ndiko Dickens alikompeleka muuaji Bill Sikes afie. Mwaka 1849 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 14,000 London, na Mayhew akaenda mtaa ule ule kwa ajili ya gazeti. Aliona vyoo vikimwagika kwenye mtaro, na wenyeji wakiteremsha vyombo kwenye mtaro huo huo kuchota maji ya kunywa. Mwaka uliofuata mkubwa mmoja wa jiji, Sir Peter Laurie, alisema hadharani kwamba mahali hapo hapapo ila katika kitabu cha Dickens. Dickens alimjibu katika dibaji ya toleo jipya la Oliver Twist. Wakati ule ilibidi mtu athibitishe kwanza kwamba maskini wapo, ndipo aulize wasaidiwe vipi.

Ukitaka mwisho wa karne

Kufikia miaka ya 1880 mengi yalikuwa yamebadilika: watoto walikuwa shuleni kwa sheria ya 1870 na zile zilizoifuata, mikate ilikuwa rahisi zaidi. Umaskini ulikuwepo. Mwenye meli tajiri, Charles Booth, alitafiti London mtaa kwa mtaa, akachora ramani zenye rangi, nyeusi kwa walio chini kabisa hadi njano kwa matajiri, akakuta asilimia 30.7 ya wakazi ni maskini. Riwaya ya kwenda nayo ni The Nether World ya George Gissing, 1889, iliyowekwa Clerkenwell kwa mafundi wadogo wadogo. Ni nzito, haina faraja, na hakuna mjomba tajiri anayefika mwishoni kuokoa mtu. Huyo mwandishi alianza kuiandika wiki chache baada ya kuuona mwili wa mkewe aliyekuwa ametengana naye, aliyekufa katika chumba cha kukodi akiwa hana karibu kitu. Usianze nayo.

Kipindi hiki kina uzi unaofika kwetu moja kwa moja. Mwaka 1887 Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alichukua mamia ya wapagazi Unguja, akawazungusha mpaka mdomo wa Kongo na kuwapitisha msitu wa Ituri, ambako wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka 1890 na kuuzwa sana. Mwaka huo huo William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, aliazima jina na picha ya kitabu hicho kwa ajili ya kitabu chake kuhusu maskini wa Uingereza, akiufananisha umaskini wa nchi yake na msitu ule. Wasomaji wa London waliufikiria mtaa wao kwa kupitia njaa ya Waunguja, na majina ya wapagazi wale hayamo katika mazungumzo hayo. Mwanafunzi wa fasihi wa Zanzibar, au wa Bunia huko Ituri, ana haki kamili ya kulianzisha somo hili kutoka hapo.

Basi, kipi?

Kama una kitabu kimoja tu cha kusoma, chukua Mary Barton, na ukibanwa na muda soma sura 10 za kwanza; umaskini wenyewe umo humo. Kama unafundisha vijana wanaohitaji kisa chenye mwendo, au unataka kuieleza sheria ya 1834 na nyumba za maskini, Oliver Twist ndicho kitakachowashika. Kwa anayeandika historia, au aliyechoka na watoto wema wa hadithi, Mayhew. Ukiweza viwili, soma sura ya sita ya Gaskell na taarifa ya Mayhew ya Jacob's Island wiki moja.

Mwalimu atakayechukua Oliver Twist aangalie jambo moja kabla ya kugawa nakala. Fagin, mkuu wa watoto wezi, anaitwa “yule Myahudi” tena na tena, kwa namna inayolitukana taifa zima. Mwaka 1863 mwanamke Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia Dickens kumlalamikia, na katika toleo la 1867 aliyapunguza sana maneno hayo katika sura za baadaye, zile za mwanzo zikabaki karibu zilivyokuwa. Matoleo ya leo yanatofautiana, kwa hiyo soma dibaji ujue ulilonalo linafuata lipi, na darasa liambiwe siku ya kwanza.